Wageni Watatu wa Mamre

Ikoni ya Utatu Mtakatifu iliyochorwa na mtawa Mrusi Andrei Rublev mwanzoni mwa karne ya 15 ni ubao wa kimo cha sentimita 142 na upana wa 114, uliopakwa rangi zilizokorogwa kwa kiini cha yai. Malaika watatu wameketi kuizunguka meza ndogo nyeupe. Juu ya meza pana kikombe kimoja tu, na ndani ya kikombe kichwa cha ndama. Aliye katikati amevaa kanzu nyekundu iliyokolea na kutupia joho la buluu. Wa kulia amevaa buluu chini, kijani juu. Wa kushoto naye ana buluu, ila imefunikwa na joho jepesi lisiloamua rangi yake, mara waridi, mara dhahabu iliyopauka. Kila mmoja ameshika fimbo nyembamba ya msafiri. Nyuso zimefanana mno, na anayezitafutia tofauti ya umri au cheo huondoka mikono mitupu. Hakuna anayefungua kinywa. Hata hivyo utulivu huo haujaganda: wa katikati na wa kulia wameinamisha vichwa kumwelekea wa kushoto, naye anawaelekea wao, hivi kwamba jicho likianza kwa mmoja hupelekwa kwa mwenzake, huyo hulipeleka kwa wa tatu, na wa tatu hulirudisha lilikotoka. Watatu, meza moja, kikombe kimoja, wala hakuna anayekaa kwa ajili ya nafsi yake. Makasisi na wanateolojia wamejaza makabati ya vitabu wakijaribu kuyasema hayo hayo.

Kisa kilicho nyuma ya picha hiyo kimo katika sura ya 18 ya kitabu cha Mwanzo. Ibrahimu ameketi mlangoni pa hema, karibu na mialoni ya Mamre, jua la mchana likiwaka. Anainua macho, anaona watu watatu wamesimama mbele yake. Mzee wa karibu miaka mia anakimbia kuwalaki, anainama hadi chini, anaomba waoshwe miguu wapumzike kivulini. Sara anaambiwa akande vipimo vitatu vya unga. Ndama mororo anachinjwa. Siagi na maziwa vinaletwa. Na mwenye nyumba, badala ya kuketi na kula, anasimama kando yao chini ya mti kama mtumishi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kabla wageni hawajaondoka, Sara tasa ameahidiwa mtoto wa kiume, naye amecheka kimoyomoyo mlangoni pa hema. Ila kuna jambo katika masimulizi hayo ambalo msomaji wa haraka huliruka. Hesabu haitulii. Andiko linaanza kwa kusema ni Bwana aliyemtokea Ibrahimu, kisha linataja watu watatu. Ibrahimu anasema nao kana kwamba ni mmoja, halafu kama wengi. Wao wanauliza alipo Sara, na jibu la ahadi linatoka kwa mmoja. Mwishoni wawili wanashika njia ya Sodoma, na Ibrahimu anabaki amesimama mbele za Bwana.

Mlango huo wazi umeingiliwa na wengi, kila mmoja akitoka na chake. Marabi wa Talmud waliwatambua wageni kuwa malaika Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli, kila mmoja na kazi yake: kumpasha Sara habari, kuiangamiza Sodoma, kumponya Ibrahimu. Kurani inawafahamu pia wageni hao, na katika Sura ya Hud inaongeza jambo linalobadilisha sura nzima ya karamu: ndama wa kuchoma aliletwa, lakini mikono ya wageni haikumfikia, na Ibrahimu akaingiwa na hofu. Upande wa Wakristo, Yustino Mfiadini katika karne ya 2 aliona kwamba mmoja kati ya watatu ndiye Neno wa Mungu na wale wawili ni malaika wake. Ambrosi na Augustino, karne mbili na zaidi baadaye, waliwatazama wote watatu kama ishara ya Mungu mmoja. Mtu asidhani basi kwamba Utatu ulichimbuliwa katika sura hiyo. Sura ilisomwa hivyo na watu ambao tayari walikuwa na jambo lililokuwa likiwasumbua, wakaona kwamba Ibrahimu naye, mchana ule wa joto, alikuwa amesumbuka kwa namna inayofanana na yao.

Kilichowasumbua kilitoka katika sala. Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi, waliolelewa wakikiri asubuhi na jioni kwamba Bwana ni mmoja, na hakuna aliyewaambia waache kukiri hivyo. Lakini walimwomba Yesu, wakamwita Bwana, wakamwimbia; walisema Roho amekaa ndani yao; na waliomwamini walizamishwa majini kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, kama sura ya mwisho ya Injili ya Mathayo inavyoagiza. Neno Utatu halimo katika Biblia. Teofilo wa Antiokia alitumia neno la Kigiriki la jambo hilo mnamo mwaka 180, na Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini aliyekuwa na ulimi mkali na mtindo wa kuandika unaokata kama wembe, akalipatia la Kilatini. Kukosekana kwa neno si hoja nzito kama inavyodhaniwa na wanaopenda kuitoa. Watu walikwisha kusali hivyo kwa vizazi kadhaa kabla ya mtu yeyote kulazimika kueleza wanafanya nini, na fundisho lilipokuja halikuleta ibada mpya. Lilikuja kuilinda ile ya zamani.

Aliyelazimisha maelezo ni Ario, kasisi wa Aleksandria nchini Misri, mtu mzima, mwenye maisha ya kujinyima na hoja iliyonyooka. Mungu ni mmoja, alisema, hana mwanzo. Mwana ana Baba. Basi Mwana ana mwanzo, ni kiumbe, hata kama ni kiumbe cha kwanza na bora kuliko vyote. Ni rahisi leo kumcheka, lakini hoja yake ilikuwa safi, na usafi huo ndio uliowavuta wengi. Shida yake ilionekana ilipopelekwa kanisani: kama Mwana ni kiumbe, basi kanisa lote lilikuwa likiabudu kiumbe, na aliyekuja kuwaokoa watu hakuwa Mungu, alikuwa mjumbe tu, wa daraja la juu. Mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu Nisea, mji ulio katika Uturuki ya leo. Penye wengi pana mengi, na mkutano haukukosa kelele. Mapokeo yanasema maaskofu walikuwa 318. Wanahistoria wengi huona idadi hiyo ni kubwa mno, na huenda ni ya kiishara, kwa kuwa watumishi aliotoka nao Ibrahimu kwenda kumwokoa Lutu, katika sura ya 14 ya Mwanzo, walikuwa 318. Mtaguso ulitamka kwamba Mwana amezaliwa na Baba wala hakuumbwa, na kwamba ana umungu ule ule mmoja na Baba. Neno la Kigiriki walilolitumia halikuwa la Maandiko, na wengi waliotia sahihi waliendelea kulionea shaka.

Kwa hiyo Nisea haikumaliza kitu. Athanasio, shemasi kijana mtagusoni na baadaye askofu wa Aleksandria, alifukuzwa jimboni mara tano, akaishi uhamishoni jumla ya miaka kama 17, mara Ulaya, mara jangwani kwa watawa wa Misri. Wafalme walibadilika na imani rasmi ikabadilika nao. Gregori wa Nisa, akihubiri Konstantinopoli katika miaka ya 380, alilalamika kwamba mji mzima umegeuka mwalimu wa dini: ukiuliza bei ya mkate, muuzaji anakujibu kwamba Baba ni mkuu kuliko Mwana, ukiuliza kama maji ya kuoga yako tayari, unaambiwa Mwana ametoka katika utupu. Alikusudia kuwasuta, ila maneno yake yamehifadhi jambo la thamani, kwamba swali hilo liliwahi kuwa la sokoni. Yeye, kaka yake Basili wa Kaisaria, na rafiki yao Gregori wa Nazianzo, wote kutoka Kapadokia, ndio waliopata njia ya kulisema bila kuangukia upande wowote. Asili ni moja, nafsi ni tatu. Basili alitetea pia heshima ya Roho Mtakatifu, aliyekuwa amesahaulika wengine walipogombana juu ya Mwana, na Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 uliweka katika Kanuni ya Imani kwamba Roho huabudiwa pamoja na Baba na Mwana.

Kuuliza si ujinga, na kila mwalimu wa katekisimu Afrika Mashariki amewahi kuulizwa na mtoto jinsi watatu wanavyokuwa mmoja. Jibu lililo karibu na jikoni ni mafiga. Figa moja haliinjiki chungu, mawili hukiangusha, matatu hukishika, na moto unaowaka kati yao ni mmoja. Mtoto huelewa mara moja, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu alichoelewa sicho. Figa moja ni theluthi ya jiko. Likiondolewa, yale mawili yanabaki mawe kamili, hayajapungua kitu kwa kuwa hayakuwahi kuhitajiana ili yawe mawe. Yalikutanishwa na mpishi. Imani ya Nisea inasema kinyume: Baba si theluthi ya Mungu, Mwana si theluthi, Roho si theluthi, kila mmoja ni Mungu mzima, na Mungu mzima ni mmoja. Mwalimu anayeligundua kosa hilo mara nyingi huruka upande wa pili na kusema ni Mungu yule yule anayejitokeza kwa sura tatu kwa nyakati tatu. Hilo nalo lina umri mrefu. Linahusishwa na Sabelio wa karne ya 3, na likikubaliwa, basi Yesu alipoomba usiku katika bustani ya Gethsemane alikuwa akiongea peke yake. Karibu kila mfano utaelemea huku au kule. Afadhali mwalimu autumie na kuuvunja mbele ya wanafunzi wenyewe, waone unapoishia, kuliko kuwaachia kana kwamba umetosha.

Wakapadokia walifika mahali ambapo mfano wa vitu hauwezi kufika, kwa kuacha kuuliza nafsi hizo zimeundwa kwa nini na kuuliza zinahusianaje. Kitu pekee kinachomtofautisha Baba na Mwana ni kwamba mmoja anazaa na mwingine anazaliwa. Kitu pekee kinachomtofautisha Roho ni kwamba anatoka kwa Baba bila kuzaliwa. Zaidi ya hapo hakuna: si umri, kwa maana hapakuwa na siku ambayo Baba alikuwa bado hana Mwana, la sivyo siku hiyo hakuwa Baba, si uwezo, si hekima, si utukufu, wala mapenzi matatu yanayopaswa kupatanishwa. Binadamu huwa mtu kwanza, baba baadaye; Yohane ni Yohane hata kabla ya kuoa. Kwa Mungu, fundisho linasema, hakuna huko kwanza. Baba ni yule anayejitoa mzima kwa Mwana, na akiacha kujitoa haibaki nafsi nyingine nyuma iliyopumzika. Tomaso wa Akwino, karne ya 13, alilipeleka hilo hadi ukingoni kwa kusema kwamba nafsi za Mungu ndizo mahusiano yenyewe. Sentensi hiyo inapita akili, na haina haya kupita. Lakini haipingani na akili kama inavyodai ile hesabu ya moja na moja na moja inayotupwa mezani kila mjadala unapoanza, kwa sababu hesabu hujumlisha vitu vya aina moja vilivyo kandokando, na Mungu hana kando.

Hapo ikoni ya Rublev inaanza kuonekana kama hoja. Wachoraji waliomtangulia walichora karamu. Katika mozaiki ya karne ya 6 ya kanisa la San Vitale, Ravenna, Ibrahimu yuko kazini, na Sara amesimama mlangoni. Theofane Mgiriki, mwaka 1378 huko Novgorod, aliwachora wenyeji wakihudumu. Rublev akawaondoa. Hakuna Ibrahimu, hakuna Sara, hakuna ndama anayechinjwa. Nyumba, mti na mlima vimebaki kwa udogo wake nyuma ya mabawa, na kisa cha siku moja kimegeuka jambo lisilo na saa. Mistari ya viti na vigoda vya miguu, badala ya kwenda ikikutana kwa mbali kama jicho linavyozoea, inapanuka ikija mbele, na upande wa meza unaomkabili mtazamaji hauna mtu. Atazamaye nafasi iliyoachwa kati ya malaika wa kushoto na wa kulia, kuanzia magotini kupanda juu, ataona kwamba mikunjo ya nguo zao inachora kikombe kikubwa, na malaika wa katikati amo ndani yake. Kile kidogo cha mezani kilikuwa kidokezo tu.

Nani ni nani? Wasomaji wengi humwona Baba kushoto, kwa kuwa wenzake wanamwinamia na joho lake halina rangi ya kushikika. Mwana katikati, kwa kanzu nyekundu, ukanda wa dhahabu begani na vidole viwili juu ya kikombe. Roho kulia, kwa kijani cha uhai. Wengine wamesema Baba ndiye wa katikati. Kuna wanaokataa swali lenyewe wakisema mchoraji alikusudia malaika watatu tu, mfano wa Utatu na si picha ya nafsi zake. Ubishi huo umewafaa wanahistoria wa sanaa, ila ukweli kwamba unawezekana una uzito kuliko jibu lolote. Mchoraji ambaye angetaka watambulike angewapa alama, na alizijua alama. Aliwapa nyuso zilizofanana na akaacha tofauti zote zikae katika mwinamo wa shingo, mkono unaoelekea, jicho linalopokea. Wako tofauti kwa jinsi wanavyoelekeana, basi.

Mbali nao, Florence, katika miaka hiyo hiyo, mnamo 1427, kijana Masaccio alichora Utatu mwingine ukutani mwa kanisa la Santa Maria Novella. Hapo Baba ni mzee mwenye ndevu, amesimama nyuma ya msalaba akiushika kwa mikono miwili, Mwana amesulubiwa, Roho ni njiwa mweupe kati ya kidevu cha mmoja na kichwa cha mwingine, na chini kabisa kimelala kiunzi cha mifupa ya binadamu. Mistari yote inakutana ndani ya ukuta kwa ustadi ambao Ulaya haikuwa imeuona. Picha hiyo haibahatishi: inasema wazi ni nani, na inasema Utatu ulijulikana msalabani, jambo ambalo meza ya Mamre inalidokeza tu kwa kichwa cha ndama. Gharama yake ni yule mzee. Waumini wengi hubeba maishani mwao Mungu mwenye mvi, kijana wake, na ndege, na hakuna mahubiri yanayoweza kuwatoa hapo. Kanisa la Urusi lilipiga marufuku kumchora Baba kama mzee katika mtaguso wa Moscow wa 1666 na 1667, amri iliyokiukwa sana. Urusi hiyo hiyo, katika mtaguso wa mwaka 1551, ilikuwa imeagiza Utatu uchorwe kama alivyochora Rublev, lakini ikoni yenyewe baadaye ikazama chini ya moshi wa mishumaa, rangi za kupaka upya na kifuniko cha dhahabu. Vizazi viliiheshimu bila kuiona. Ilianza kusafishwa mwaka 1904, ikapelekwa Jumba la Sanaa la Tretyakov mwaka 1929, na mwaka 2023 serikali ya Urusi ikairudisha mikononi mwa Kanisa, wataalamu wa uhifadhi wakipinga.

Tofauti ya Mashariki na Magharibi haikuishia kwenye rangi. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliutafuta Utatu ndani ya nafsi ya mtu, katika kumbukumbu, ufahamu na utashi, na katika anayependa, anayependwa na upendo wenyewe. Katika vitabu vyake 15 alikiri kwamba watu husema nafsi tatu ili wasikae kimya, si kwa sababu neno limetosha. Kutoka kwake Magharibi ilizoea kusema Roho anatoka kwa Baba na kwa Mwana. Nyongeza hiyo ilitamkwa Toledo mwaka 589, ikaingia katika Kanuni ya Imani huko Roma mwaka 1014, na ni mojawapo ya mambo yaliyowatenganisha Wakatoliki na Waorthodoksi tangu 1054. Kwa mtu wa nje, kugawanya kanisa kwa maneno machache kama hayo ni upuuzi. Kwa watu wanaoamini kwamba nafsi za Mungu ndizo mahusiano yao, kugusa uhusiano mmoja ni kugusa kila kitu. Na hata hivyo Mjesuiti Karl Rahner, katika karne ya 20, alinung'unika kwamba fundisho la Utatu lingefutwa leo, sehemu kubwa ya vitabu vya dini ingebaki bila kubadilishwa mstari.

Katika pwani ya Afrika Mashariki fundisho hilo halifutiki, kwa sababu jirani Mwislamu hakubali lisahaulike. Mihadhara ya hadharani iliyovuma Tanzania na Kenya tangu miaka ya 1980 ilirudi kwake tena na tena, Biblia mkono mmoja na Kurani mkono mwingine, na mara nyingi pande zote mbili zilitoka na ushindi. Sehemu ya pingamizi inampiga mtu asiyekuwepo. Utatu wa Baba, Mariamu na Yesu haujawahi kuwa imani ya kanisa lolote kubwa, na Wakristo wanaoukataa wanasimama bega kwa bega na Kurani. Hata uzazi wa kimwili, wa mungu na mke, sio uliokusudiwa Nisea. Sehemu nyingine ya pingamizi, iliyo ya ndani, inabaki. Sura ya Ikhlas inamtangaza Mungu mmoja asiyezaa wala kuzaliwa. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano, ukimrekebisha Yoakimu wa Fiore aliyedhaniwa kuufanya umoja wa Mungu uwe wa kundi tu, ulitamka kwamba ile asili moja ya Mungu haizai, haizaliwi, wala haitoki kwa yeyote. Maneno hayo yanasimama karibu ajabu na ya Ikhlas, kisha yanachukua hatua moja ambayo Mwislamu hawezi kuichukua: anayezaa ni Baba, anayezaliwa ni Mwana, na kila mmoja wao ni asili hiyo hiyo.